Maiti Isiyo na Mwenyewe: Miviga ya Maisha katika Riwaya ya Samskara

Hapana taifa duniani linalomwacha mtu apite katika maisha kama maji yapitavyo mchangani. Azaliwapo hupokewa, apewapo jina hushuhudiwa, aoapo huchezewa ngoma, na afapo huagwa. Kila hatua ina ada yake, na kila ada ina watu wake wa kuitimiza. Watu huzozana juu ya mambo mengi, lakini juu ya ada hizi huwa wakali kupita kiasi, kwa sababu mtu anyimwaye ada ni kama mtu aambiwaye kuwa hakuwapo. Riwaya inayochunguzwa hapa imejengwa juu ya ukali huo. Jina lake ni Samskara. Iliandikwa na U. R. Ananthamurthy kwa lugha ya Kannada, lugha ya watu wa Karnataka katika kusini ya India, ikatolewa mwaka 1965. Wasiojua lugha hiyo waliipata kwa Kiingereza mwaka 1976 katika tafsiri ya A. K. Ramanujan, mshairi na mtaalamu aliyeijua Kannada kwa undani.

Neno samskara lenyewe ni kongwe. Limetoka katika Kisanskriti, na maana yake ni kutengeneza, kusafisha, kutakasa na kukamilisha. Udongo si chungu mpaka mfinyanzi aukande, aufinyange na kuuchoma. Kadhalika, kwa mawazo ya Wahindu wa kale, mtu aliyezaliwa na mama yake hajawa mtu kamili mpaka ada zimkande. Basi kila ada ya kumkamilisha mtu iliitwa samskara. Hesabu ya ada hizo haikuwa moja katika vitabu vyote. Sheria zinazonasibishwa na Gautama zataja 40, na desturi iliyoenea zaidi yataja 16.

Ada hizo 16 humfuata mtu tangu kabla hajaonekana. Ya kwanza ni ya kutunga mimba. Mwanamke akiisha kushika mimba, mumewe humgawa nywele utosini kwa kumtakia heri. Mtoto akizaliwa hulambishwa asali na samli. Siku ya kumi au ya kumi na mbili hupewa jina. Mwezi wa nne hutolewa nje ya nyumba akaonyeshwa jua, na mwezi wa sita hulishwa wali kwa mara ya kwanza. Kisha hunyolewa, hutobolewa masikio, na mvulana wa ukoo wa Kibrahmani afikapo umri wa miaka 8, kwa hesabu ya vitabu, huvikwa uzi mtakatifu begani na kukabidhiwa kwa mwalimu. Ada ya uzi huhesabiwa kuwa kuzaliwa mara ya pili. Baadaye huja ndoa, na bwana na bibi arusi hutembea hatua saba mbele ya moto. Ya mwisho ni ada ya mauti, iitwayo antyeshti, yaani sadaka ya mwisho. Mtu aliyetia sadaka motoni maisha yake yote, siku hiyo yeye mwenyewe huwa sadaka.

Ada ya mauti hutofautiana na nyingine kwa jambo moja kubwa: mwenye ada hawezi kuidai. Mtoto asiyelishwa hulia, na kijana asiyeozwa hunung'unika, lakini maiti hana kauli. Hutegemea wema au woga wa waliobaki. Ikiwa ana mwana wa kiume, mwana huyo ndiye awashaye moto. Ikiwa hana, hutafutwa jamaa. Mpaka ada itimie marehemu huitwa preta, roho iendayo huku na huko isiyo na makao. Jamaa humtolea mabonge ya wali siku baada ya siku, na kwa desturi ya wengi siku ya kumi na mbili ndipo aunganishwapo na babu zake. Katika siku hizo jamaa nao huhesabiwa kuwa na unajisi wa msiba, wala haiwapasi kuketi na wengine katika karamu ya hekalu. Asiyeyajua mambo haya aweza kuisoma Samskara kama kisa cha watu wapumbavu wanaogombania mzoga. Ayajuaye ataona kuwa kila tendo dogo katika kitabu hiki lina uzito wake.

Ananthamurthy alizijua ada hizi kutoka nyumbani kwao. Alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Melige, katika nchi ya misitu na mvua nyingi chini ya milima ya magharibi ya India, katika ukoo wa Kibrahmani. Lakini riwaya hii aliiandika akiwa mbali, alipokuwa mwanafunzi wa shahada ya juu huko Birmingham, Uingereza. Mwenyewe alisimulia kuwa alichochewa na filamu ya Ingmar Bergman juu ya tauni katika Ulaya ya zamani, ambayo aliitazama bila ya kuifahamu lugha yake. Umbali huo umeisaidia kazi yake. Mtu aliye ndani ya nyumba huona kuta, na aliyetoka huona umbo la nyumba. Ananthamurthy aliona umbo bila ya kusahau mahali zilipo nyufa.

Kisa ni chepesi kusimuliwa. Katika kijiji cha Durvasapura, kando ya mto Tunga, wakaa Mabrahmani wa madhehebu ya Madhva. Mmoja wao, Naranappa, ameikataa dini ya wenzake mchana kweupe. Hunywa pombe na hula nyama. Jiwe takatifu la nyumbani amelitupa mtoni, na samaki wa birika la hekalu amewavua pamoja na rafiki zake Waislamu. Amemwacha mkewe wa ndoa na kukaa na Chandri, mwanamke wa tabaka la chini. Kijiji hakikuthubutu kumfukuza, kwa kuwa alitishia kusilimu na kuendelea kukaa pale pale, jambo ambalo lingewatia wote unajisi. Siku moja Naranappa arudi kutoka Shivamogga ana homa na uvimbe, akafa. Hana mwana. Kwa sheria yao hakuna Mbrahmani aruhusiwaye kula chakula kijijini mpaka maiti yake iondoke. Nani ataichoma?

Swali hili ndilo injini ya riwaya, na Ananthamurthy alilichagua kwa busara kubwa. Atakayeichoma maiti ya mtu aliyevunja kila mwiko huenda akachafuka. Asipoichoma, kijiji kizima kitakaa na njaa na unajisi. Garuda na Lakshmana, wawili waliokuwa na ujamaa na marehemu, kila mmoja amsukumia mwenziwe mzigo. Kesi yaletwa kwa Praneshacharya, mwanachuoni aliyesoma Kashi na kuheshimiwa na watu wa mbali na karibu. Kabla hajatamka hukumu, Chandri avua dhahabu yake yote na kuiweka mbele yake iwe gharama ya mazishi. Mara moja mambo yageuka. Waliokuwa wakiikimbia maiti sasa waitamani, na wake zao waikadiria ile dhahabu kwa macho. Ujamaa uliokanushwa asubuhi wadaiwa jioni.

Kurasa hizi ni miongoni mwa zilizo bora kabisa katika kitabu, kwa sababu mwandishi hakuwafanya Mabrahmani kuwa mashetani. Amewafanya kuwa na njaa. Miongoni mwao yumo Dasacharya, maskini ambaye riziki yake ni karamu za misiba na kumbukumbu za wafu. Mtu aliyelishwa na vifo siku zote sasa azuiliwa chakula na kifo. Avumilia, ashindwa, kisha aenda kwa siri katika kijiji jirani cha Parijatapura na kula katika nyumba ya Mbrahmani wa daraja aliyoidharau. Msomaji hucheka, halafu hujiuliza kama ana haki ya kucheka. Ada zilizotungwa ili mtu ashinde tumbo lake zimegeuka kuwa desturi zinazosimamiwa na tumbo. Hapa ndipo hoja ya kwanza ya riwaya ilipo: ada haifi siku inapoachwa, bali hufa siku inapobaki kuwa njia ya kupata au njia ya kukwepa.

Praneshacharya si mnafiki kama wenzake, na kwa hiyo anguko lake lina mafunzo makubwa zaidi. Alimwoa Bhagirathi, mwanamke mgonjwa tangu ujana, kwa kukusudia. Aliifanya ndoa hiyo kuwa sadaka. Miaka mingi amemwogesha, amemlisha na kumhudumia, asipate mtoto wala faraja ya mwili. Afanyapo hivyo hujihesabu kuwa anapanda ngazi ya wokovu. Hukumu ya maiti aitafuta katika vitabu vya kale na haioni. Aenda katika hekalu la Maruti kando ya mto, avika sanamu maua, na kungoja ua lianguke upande mmoja ili ajue jibu. Hakuna ua lianguka. Usiku, akirudi kwa njia ya msituni akiwa na njaa na aibu, akutana na Chandri, ambaye naye alikuwa akingoja. Chandri amshika miguu. Mwanachuoni amwita mama. Chandri amlisha ndizi alizochukua pajani mwake, kisha walala pamoja.

Wahakiki wengi wameusimulia usiku huo kama anguko la mtawa au kama ukombozi wa mwanamume aliyefungwa. Yapasa kuutazama kwa karibu zaidi, kwa maana mpango wake hauonekani kuwa wa bahati. Mtu mzima mwenye elimu anaita mama, kisha analishwa kwa mkono wa mwanamke. Hiyo ni ada ya mtoto wa miezi sita. Baada ya chakula huja muungano ambao Chandri anautumainia mtoto. Hiyo ni ada ya kutunga mimba, iliyokuwa ya kwanza katika hesabu ya 16. Asubuhi hajui tena yeye ni nani. Siku chache baadaye mkewe afa. Amchoma, atoka nyumbani, na kutembea popote miguu impelekapo, akiuona ulimwengu kama mtoto wa miezi minne atolewaye nje kuonyeshwa jua. Njiani ashikwa na Putta, kijana mchangamfu asiye Mbrahmani kamili, ambaye ampeleka Melige katika sikukuu na kumwonyesha kila kitu: soko, michezo, kahawa, jogoo wanaopiganishwa. Mwalimu wa Mabrahmani amekuwa mwanafunzi wa mtu wa njiani. Na watu waulizapo jina lake, hulificha. Aliyepewa jina mbele ya moto sasa alikimbia.

Kwa hiyo riwaya hii, ikisomwa kwa makini, ni safari ya miviga ya maisha iliyopinduliwa. Praneshacharya alizitimiza ada zote kwa mpango wake, akafika katikati ya umri bila ya kuguswa na hata moja. Sasa maisha yamrudisha nyuma na kumpitisha tena katika kila moja, bila ya kuhani, bila ya moto, bila ya maneno matakatifu, na kwa mpango uliovurugika: mtoto hulishwa kabla ya kutungwa mimba, na mume huzaliwa baada ya kuwa mjane. Mwandishi hakulitamka jambo hili, na amefanya vema. Angelitamka lingekuwa hesabu. Alipolinyamazia limekuwa maisha. Ada moja tu haikurudiwa, nayo ni ile ya uzi, yaani kuzaliwa mara ya pili. Kitabu chakoma mbele ya mlango wake.

Lakini ikiwa Praneshacharya ndiye mwenye safari, yeye siye mwenye tendo kubwa katika kitabu. Tendo kubwa limewekwa mahali padogo, katika kurasa chache ambazo msomaji wa haraka aweza kuzipita. Baada ya usiku wa msituni Chandri arudi nyumbani na kuiona maiti ya Naranappa inaharibika. Atambua kuwa wanaume wenye vitabu hawatafanya lolote. Amwendea mtu wa gari, naye akataa. Basi aenda mtaa wa Waislamu na kumwomba Ahmad Bari, mchuuzi wa samaki. Ahmad Bari akumbuka kuwa zamani, alipokuwa hana kitu, Naranappa alimkopesha fedha za kununulia ng'ombe. Aja kwa siri na gari lake, apakia maiti na kuni, na katika giza maiti yateketezwa. Chandri alia, achukua furushi lake, na kushika njia ya kwenda Kundapura, mji wake.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu ya kusimama hapa. Kwa Waislamu kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kifaya. Wakiitimiza baadhi ya watu, jamii nzima imetoka katika deni. Wasipoitimiza, wote wana dhambi. Hakuna asemaye kuwa maiti si wake, kwa sababu maiti ni wa wote. Durvasapura ilikuwa na sheria nyingi juu ya nani asiyefaa kuiondoa maiti, na haikuwa na sheria hata moja ya kumlazimisha aliyekuwa karibu. Ada ilipokuwa mali ya mwenye haki, mwenye haki alipokataa ilikosa mwenyewe.

Tena Ahmad Bari hakumfanyia Naranappa ada ya Kiislamu. Dini yake yamwamuru kuzika, wala haimruhusu kuchoma mfu wake. Hata hivyo hakumchukua rafiki yake kaburini. Alileta kuni. Alimpa marehemu ada ya babu za marehemu, ingawa marehemu mwenyewe aliitukana ada hiyo akiwa hai, na ingawa alitishia kusilimu. Heshima ya namna hii ni adimu. Mabrahmani waliitaka ada iwe safi, wakaiacha bila ya kutendeka. Mchuuzi wa samaki aliitenda bila ya usafi wowote uliotakiwa na vitabu. Hapakuwa na mwana, wala maneno ya Kisanskriti, wala mtungi wa maji wa kuzungushwa na kuvunjwa. Palikuwa na kuni, moto, kumbukumbu ya deni, na mwanamke aliyelia.

Je, hiyo ilikuwa samskara? Hapa ndipo lilipo swali la kitabu, na mwandishi amelifunga kwa ustadi wa kupendeza. Kijiji hakikujua kuwa maiti imekwisha kuchomwa. Praneshacharya aliondoka asijue. Rafiki za marehemu, vijana waliokwenda usiku ili wamchome kwa siri, wakuta maiti haipo, wadhani imegeuka mzuka, na kukimbia kwa hofu. Panya wafa ovyo, tumbusi watua juu ya mapaa, watu wapiga kengele kuwafukuza, na wazee waamini kuwa haya yote yametokana na maiti isiyozikwa. Wasafiri mpaka kwa mkuu wa dini yao kutafuta ruhusa ya kutenda jambo ambalo limekwisha tendwa. Msomaji peke yake ndiye ajuaye ukweli. Ugonjwa ni tauni, na maiti ni majivu. Kijiji chateswa na mzigo usiokuwapo. Kwa hila hii mwandishi amemweka msomaji katika kiti cha hakimu: kama ada ni utaratibu, Naranappa bado ni preta, kama ada ni huruma ya walio hai kwa mfu, amekwisha pumzika. Kitabu hakimwambii msomaji achague lipi, lakini kimehakikisha kuwa hawezi kukaa bila ya kuchagua.

Kwa sababu hii hukumu ya V. S. Naipaul haitoshi. Katika kitabu chake juu ya India kilichotolewa mwaka 1977, Naipaul aliitumia Samskara kuwa ushahidi wa jamii ambayo sheria na unajisi vimechukua mahali pa nafsi ya mtu. Ni kweli kuwa Durvasapura ni jamii ya namna hiyo. Lakini kuitumia riwaya kama ushahidi ni kusoma nusu yake. Shahidi hueleza aliyoyaona, na mtunzi huweka mizani. Katika upande mmoja wa mizani Ananthamurthy ameweka kijiji kizima na vitabu vyake, na katika upande wa pili ameweka gari moja la ng'ombe usiku. Asiyeliona gari hilo hawezi kusema kuwa amepima.

Wala si kweli kwamba kitabu ni tusi tu kwa Mabrahmani, kama walivyolalamika baadhi ya watu wa tabaka hilo. Filamu iliyotengenezwa kutokana nayo mwaka 1970 na Pattabhi Rama Reddy ilizuiwa kwanza na wakaguzi, kisha ikaruhusiwa na kupata tuzo ya taifa ya filamu bora. Waliokasirika walikuwa na haki ya kuona kuwa picha yao haikupambwa, lakini mtu anayetukana hamtendei adui yake kazi ngumu kama aliyoifanya mwandishi huyu. Alizijua ada zao kiasi cha kujenga riwaya nzima kwa matofali yake. Mtu hujifunza namna hiyo nyumba aliyoipenda.

Pamoja na sifa hizi, kitabu kina kasoro, na kubwa yake ni katika wanawake. Mwandishi amewagawa makundi mawili. Wanawake wa Kibrahmani ni wakavu, wachoyo au wagonjwa. Wanawake wa tabaka la chini ni wenye afya, harufu ya udongo, na miili iliyo tayari. Mgawanyo huu ni ndoto ya wanaume wa kijiji, na mara nyingine hutamkwa na wao wenyewe, jambo ambalo lafaa. Lakini mara nyingine hutamkwa na msimulizi, na hapo mwandishi hutumbukia katika shimo alilolichimba kwa ajili ya wengine. Chandri ameteseka zaidi kwa kasoro hii. Yeye ndiye aliyetoa dhahabu, aliyelisha, aliyetafuta gari, na aliyelia. Kazi yake ikiisha huondolewa kitabuni, na theluthi nzima ya mwisho hutolewa kwa mawazo ya mwanachuoni juu ya nafsi yake. Mawazo hayo ni mazito na mengine ni mazuri, lakini msomaji hubaki akiuliza aliyetenda alikwenda wapi, na kwa nini aliyefikiri ndiye aliyepewa karatasi.

Kasoro ya pili haikuonwa na wengi, tena yagusa moyo wa jambo lenyewe. Kitabu huzungumzwa kama kwamba kina maiti moja. Zimo zaidi, na iliyo karibu mno na Praneshacharya ni ya Bhagirathi. Mwanamke huyu alikuwa chombo cha wokovu wa mumewe maisha yake yote. Mumewe alimhudumia, lakini hakumwuliza. Afapo, mumewe amchoma na kuondoka. Moto aliupata, lakini siku zake hazikuhesabiwa. Nani alimtolea mabonge ya wali? Nani alimfikisha kwa babu zake? Mumewe, aliyepaswa kuwa katika msiba, aenda sikukuu pamoja na Putta, na mwishoni aketi katika karamu ya hekalu akiwa na unajisi wa siku hizo, mpaka mtu amtambua na yeye akimbia. Mwandishi ameitumia hali hiyo kumtia shujaa wake hofu ya kukamatwa. Hakuitumia kumkumbusha mkewe. Riwaya iliyoanza kwa kuuliza nani atamtimizia ada mtu asiye na mwenyewe, yamwacha mwanamke mwenye mume bila ya ada. Ikiwa Ananthamurthy alikusudia hivyo, kejeli yake ni kali kuliko zote. Ikiwa hakukusudia, basi kitabu chake kimetoboa siri ambayo yeye mwenyewe hakuijua: kuwa hata mpinzani wa ada hurithi upofu wa ada. Kwa namna zote mbili Bhagirathi asitahili kukumbukwa na kila asomaye.

Lugha ya kitabu, kwa kadiri tafsiri iwezavyo kuonyesha, yafuata mwendo wa kisa. Sehemu ya kwanza ina sauti nyingi zinazokatizana, kama baraza la kijiji. Ya pili ina harufu, joto na ndege wa mizoga. Ya tatu ina sauti moja inayojibishana na nafsi yake. Mpango huu una faida na hasara. Faida ni kuwa msomaji huhisi jinsi mtu anavyomomonyoka kutoka katika jamii na kubaki peke yake. Hasara ni kuwa kijiji, kilichochorwa kwa ustadi mkubwa, husahauliwa kabla hakijaadhibiwa wala kusamehewa. Lakini hasara hiyo haiharibu mwisho.

Mwishoni Praneshacharya aamua kurudi Durvasapura na kukiri mbele ya watu wake. Lapita gari la ng'ombe lenye nafasi ya mtu mmoja. Putta, aliyemng'ang'ania siku nzima, hawezi kupanda. Mwanachuoni apanda peke yake, na kitabu chaishia njiani, kabla hajafika. Wapo waliolalamika kuwa huu si mwisho. Lakini msomaji aliyeyashika mambo atakumbuka kuwa kitabu kina magari mawili. La kwanza liliendeshwa usiku na Muislamu mchuuzi wa samaki, likamchukua mfu aliyekataliwa mpaka mahali pa kupumzika. La pili lamchukua mtu aliye hai aliyeheshimiwa kuelekea mahali pa hukumu. La kwanza lilifika, na hakuna aliyelishukuru. La pili halijulikani kama lilifika, na ndilo lizungumzwalo na watu. Katika tofauti ya magari hayo mawili imo hekima ya riwaya hii juu ya miviga ya maisha: ada iliyo kubwa haimngoji mtu aliye safi, humngoja mtu aliye tayari kuja na kuni.